Neno Lisilo na Mkanda

Tak. Tak-tak. Tak.

Giza lilikuwa bado zito niliposikia punje za mahindi zikidondoka kwenye sinia la gome la mti. Bibi yangu, Kawenio, alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda chake akipukuchua kwa kidole gumba, bila moto, bila taa, kama mtu anayeteta na mahindi yake faraghani.

"Bibi, hujalala?"

"Nimelala, nimeamka. Wageni wetu wanakula kama nzige. Jana wamekomba vyungu vinne, halafu mkubwa wao akasema supu haina chumvi."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia chumvi yetu iliisha ule mwaka tuliowalisha askari wao. Dirk akakataa kutafsiri. Akakohoa."

Nilicheka, nikajiziba mdomo nisimwamshe Kahente, binti yangu wa miaka mitano, aliyelala kanipachika miguu yote miwili tumboni.

"Cheka tu," Bibi akasema. "Lakini leo uyafungue masikio, Katsitsa. Leo watasema walichofuata."

Kila mtu kijijini alijua walichofuata. Walikuwa mabwana watatu kutoka jimbo jipya, pamoja na karani wao na huyo Dirk, mkalimani, mtoto wa Mdachi wa bondeni aliyekulia kwenye vyungu vyetu. Walitaka ardhi. Mashariki ya Kijito cha Mierebi kulikuwa na msitu ambao wazee wetu walikuwa radhi kuuachia, maana walowezi walishaumaliza kwa shoka bila kumwuliza mtu. Lakini upande wetu, kati ya Mierebi na Kijito cha Mikunga, ndiko yaliko mashamba ya wanawake wa ukoo wa Kobe. Bibi kalima pale. Mama yangu alilima pale mpaka siku aliyoanguka na jembe mkononi. Mimi nalima pale. Baba yake Kahente hakumwachia mtoto kitu ila sifa: alikufa vitani, akipigana upande wa mabwana hao hao. Shamba lile ndilo baba, ndilo mama, ndilo kesho ya mwanangu.

Barazani wanaume hukaa mbele, sisi wanawake nyuma na watoto wetu. Lakini msemaji anajua ni nani walio mgongoni kwake. Mwaka ule msemaji wetu alikuwa mjomba wangu Sakoyeta, mwana wa Bibi, mtu wa sauti ya chini ambayo hata mbwa walinyamaza kuisikiliza.

Mkubwa wa wageni tulimwita Koti la Buluu. Siku ile, ya pili tangu wafike, alianza kwa utamu. Ndugu zetu wapendwa. Ndugu zetu mliotuletea mahindi wakati wa njaa. Ndugu zetu ambao vijiji vyenu vilichomwa kwa ajili yetu.

"Huyu akitaja 'ndugu' mara nyingine," Bibi akaninong'oneza, "nitamdai mahari ya dada zake."

Kwetu neno zito haliji mikono mitupu. Anayelisema hunyanyua mkanda wa shanga za kombe, nyeupe na zambarau, akimaliza anaukabidhi, na anayeupokea mkanda kalipokea na neno. Neno lisilo na mkanda ni la mtu anayeota moto. Unalisikia, unaitikia kwa adabu, linapanda na moshi. Na mkanda haujibiwi siku ile ile. Mnalala nao. Kesho yake mnarudisha kwanza maneno yote kama yalivyosemwa, ndipo mnajibu. Wageni walilijua hilo vizuri. Walikuja na mikanda saba kwenye sanduku.

Kila mkanda ulipotoka, mtu mmoja wetu alipewa kuyashika maneno yake kichwani. Mkanda wa sita ulipoinuliwa, Bibi alinigusa goti: huo ni wako. Nikafumba macho nikayaweka maneno mahali pake.

"Mpaka kati yetu uwe Kijito cha Mierebi, tangu kinakozaliwa hadi kinapoingia ziwani, na upande wa magharibi ndugu zetu wabaki milele pasipo kusumbuliwa."

Milele. Dirk alilitafsiri neno hilo akitazama viatu vyake.

Ukaja wa saba, wa kufungua njia za biashara. Kisha Koti la Buluu akaketi. Akakunja mguu, akawasha kiko chake, akapokea karatasi kwa karani na kuendelea kusoma huku ameketi vivyo hivyo, moshi ukimtoka puani. Dirk alitafsiri upesi upesi, kama mtu anayemeza dawa chungu: kwamba kwa kuwarahisishia kazi wapima ardhi, ingefaa mpaka uende hadi Kijito cha Mikunga, kwa kuwa kimenyooka zaidi.

Mjomba Sakoyeta alinyoosha mkono kuupokea mkanda. Hakuna mkanda. Mkono ukabaki hewani kidogo, kisha akaurudisha gotini, taratibu.

"Kimenyooka kuliko akili yake," mtu mmoja akasema huko mbele, na watu wakacheka.

Karani hakucheka. Karani alikuwa anaandika.

Jioni tulikusanyika nyumbani kwa Bibi kurudia. Wa kwanza akasema wake, wa pili wake, mpaka wa sita nikasema wangu, neno kwa neno. Wa saba ukafunga. Wazee wakaitikia. Lakini mimi nilikuwa na dukuduku moyoni.

"Bibi," nikasema, "na lile la Mikunga?"

"Lilikuja na mkanda gani?"

"Halikuwa na mkanda."

"Basi halikuja."

"Lakini alilisema, Bibi. Wote tumelisikia."

"Mjukuu wangu, na mbwa wa Dirk alibweka mchana kutwa. Tumjibu naye?" Wakacheka tena. Mjomba akaniambia kwa upole: "Ukijibu neno lisilo na mkanda, unalipatia uzito ambao mwenyewe hakulipatia. Ukilikataa, umekiri kwamba lilisemwa. Liache lianguke lilipoangukia."

Ndivyo wazee wetu walivyofanya, na waliowazaa wao. Nikanyamaza. Hadi leo kunyamaza kule kunaniuma kama mwiba uliovunjikia ndani ya nyama.

Siku ya tatu Mjomba alisimama akajibu. Sijui kama nimewahi kusikia maneno yaliyopangwa vizuri vile. Aliinua mkanda mmoja mmoja, akarudisha neno lake, akalijibu na kukabidhi mkanda wetu. Kwa wa sita alisema: tunakubali Mierebi, msitu wa mashariki chukueni, lakini wanawake wetu wanasema jembe la mgeni lisivuke maji hayo. Alipotaja wanawake, Koti la Buluu alimwegemea mwenzake akasema kitu, wakatabasamu.

"Kasema nini?" Bibi akamwuliza Dirk waziwazi.

"Kasema... kasema wanawake wenu wana bahati, mama."

"Mwongo wewe. Nimekulisha tangu huna meno."

Dirk akawa mwekundu mpaka masikioni.

Mwishoni Koti la Buluu akauliza kama tuna jingine la kujibu. Mjomba akasema: "Mlitupa mikanda saba. Tumewajibu saba." Yule bwana akainamisha kichwa kwa heshima kubwa, heshima ya kupita kiasi, na karani akachovya kalamu.

Siku ya nne waliweka karatasi mezani. Waliandaa tangu asubuhi: ngozi safi ya kuandikia, nta nyekundu, blanketi za kugawa zimepangwa mahali pa kuonekana. Wakaanza kuita majina. Watano wa kwanza walikuwa wazee wa kijiji cha ng'ambo ya ziwa. Dirk akawaambia karatasi inasema yale yaliyokubaliwa, nao wakagusa kalamu, kila mmoja na alama ya ukoo wake.

Hapo niseme jambo. Kwa miaka miwili nilikuwa nikienda jioni kwa mwalimu wa misheni, mimi na wanawake wenzangu wanne, tukishamaliza kutwanga. Tulisoma Injili iliyoandikwa kwa lugha yetu. Wengine walitucheka, wakasema tunatafuta waume kwenye vitabu. Kiingereza sikijui hata leo zaidi ya maneno ya sokoni. Lakini vijito vyetu havina majina ya Kiingereza. Anayetaka kuviandika lazima aviandike kama tunavyoviita sisi.

Nilikwenda mezani nimemshika Kahente mkono. Sikwenda kwa ushujaa. Mtoto alitaka kuiona ile nta nyekundu, nami nilitaka kuliona jina la Mierebi limeandikwa. Nilikuwa na fahari nalo kidogo. Mimi ndiye niliyelishika kichwani.

Nikaitafuta Mierebi mstari kwa mstari. Nikaikuta mara moja, juu. Halafu nikashuka, na pale chini, katikati ya maneno nisiyoyajua, likanitazama jina la Mikunga. Nikatafuta tena. Mikunga. Mikunga. Mara tatu.

Mjomba Sakoyeta alikuwa wa sita. Alikuwa tayari kashika kalamu.

"Mjomba, usiguse!"

Baraza zima likageuka. Mwanamke hapazi sauti mbele, ana msemaji wake. Niliuona uso wa Bibi ukinijia mkali kama upepo wa kaskazini, kisha ukabadilika, maana aliona kidole changu kimeng'ang'ania karatasi.

"Mwanamke huyu anataka nini?" Koti la Buluu akauliza.

"Imeandikwa Mikunga," nikasema. "Mjomba, mpaka walioandika ni Mikunga. Mashamba yote yako ndani."

Mjomba akamgeukia Dirk. Hakupaza sauti. "Kweli?"

Dirk akamtazama bwana wake, akamtazama Bibi yangu, akatazama chini. "Kweli, Mjomba," akasema. Naye alikuwa akimwita Mjomba tangu utotoni.

Sasa sikilizeni alivyojibu yule bwana, maana nimeyashika maneno yake kama nilivyoushika ule mkanda, na sitayaachia. Alisema hakuna aliyedanganywa. Siku ya pili alisoma kwa sauti, mbele ya wote, kwamba mpaka uende Mikunga. Karani kaandika saa na siku. Mlango wa kukataa ulikuwa wazi, na hakuna aliyekataa. Siku ya tatu akauliza tena kama tuna jingine. Tukasema hatuna.

"Ulisema bila mkanda," Mjomba akasema.

"Serikali yetu haisemi kwa shanga."

"Kama haisemi kwa shanga, ile saba uliinyanyua ya nini?"

"Kwa heshima ya desturi zenu."

"Desturi zetu uliziheshimu mara saba, ukachoka ya nane?"

Watu wakaguna. Koti la Buluu akakunja mikono. Akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole kweli, upole wa mtu anayemweleza mtoto: kwetu sisi, anayenyamaza amekubali.

Bibi yangu akainuka. Ana miaka zaidi ya sabini, na magoti yake yanalia akisimama. Alipita katikati ya wanaume, wakampisha.

"Mwambie," akamwambia Dirk, "na usikohoe. Mwambie askari wake walipokuja hapa wakitetemeka kwa baridi, miguu imefungwa matambara, walinyamaza. Hawakuwa na nguvu ya kuomba. Hatukusema anayenyamaza ameshiba. Tuliwapa. Mwambie kijana aliyekuwa mume wa huyu mjukuu wangu amenyamaza miaka mitano huko walikomzika. Naye kakubali mwanawe anyang'anywe shamba? Mwambie ardhi ile si ya wanaume hawa walioketi hapa. Ni yetu sisi wanawake, na sisi hakuna aliyetuuliza. Muulize jina la mwanamke hata mmoja aliyemwuliza."

Dirk alitafsiri yote. Safari hii hakukohoa. Nilimwona akipangusa pua kwa mkono wa shati.

Koti la Buluu alingoja mpaka mwisho. "Sisi," akasema, "hatufanyi mapatano na wanawake."

Mjomba akaiweka kalamu mezani. Akaisukuma mbali kwa kidole kimoja, kama mtu anayesukuma mfupa. Yule bwana hakukasirika. Alichukua karatasi, akahesabu alama, akasema tano zinatosha, akamwagia nta. Wale wazee watano walikuwa wamesimama pale pale, wanaiangalia mikono yao.

Walifunga mizigo kabla ya jua kukaa utosini. Mikanda saba tuliyowapa ya majibu waliichukua. Nasikia huitundika ukutani, watu wakaitazama na kusema ni mizuri.

Usiku ule hapakuwa na mtu wa kumlaumu mwenzake, maana Bibi aliwahi. Aliwaita wanawake wote wa Kobe akasema mbele yao: "Mtoto huyu aliniuliza, nami nikamwambia halikuja. Mimi. Msimsingizie Sakoyeta, wala wale watano. Nilifikiri kila mtu akisema neno anajua maana ya kusema." Akachukua gunzi tupu akalipukuchua kwa kidole gumba. Mjomba, mtu mzima mwenye mvi, akaenda akaketi chini miguuni pa mama yake.

Nikasema: "Bibi, desturi yetu haina kosa. Mwizi akiingia kwa mlango, kosa si la mlango."

"Mlango hauna kosa," akasema, "lakini tuutie komeo."

Komeo hilo nikapewa mimi. Kuanzia siku ile, kila neno la mgeni, lenye mkanda na lisilo na mkanda, la kusimama na la kuketi, hata la kupiga chafya, linaandikwa kwa lugha yetu kwenye daftari. Wanawake wale wanne niliosoma nao wananisaidia. Majira yale ya baridi niliandika pia barua kwa baraza kuu la majimbo yote, nikaeleza siku ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Mwalimu wa misheni akaigeuza kwa Kiingereza. Halikuja jibu. Nikaandika ya pili. Nayo haijajibiwa. Ya tatu ninaiandika sasa, na ninaiandika vizuri zaidi, kwa sababu nimejifunza kuandika nikiwa nimekasirika bila kudondosha wino.

Majani ya mwaloni yalipofikia ukubwa wa sikio la kindi, wakati wetu wa kupanda, mtu mmoja aliuliza kama kuna haja ya kupanda ardhi iliyokwisha kuandikwa ya wengine. Bibi akamtupia jembe. "Karatasi haiwezi kuotesha mahindi," akasema. "Panda."

Tukapanda matuta yote, tangu Mierebi hadi Mikunga, hata sehemu tulizokuwa tumezipumzisha. Mahindi kwanza, kisha maharage ya kuparamia mahindi, na maboga ya kuifunika ardhi. Sijawahi kuona shamba likiota kwa hasira vile. Kufika wakati wa matunda ya porini, mahindi yalinifika kiunoni na maharage yalikuwa yameanza kujiviringisha.

Ndipo wakaja wapima ardhi. Watu wanne, na mnyororo wa chuma wa kupimia, na vigingi begani. Walitokea upande wa Mikunga wakikata moja kwa moja katikati ya shamba, maana mstari wao ulikuwa umenyooka, kama walivyoahidi.

Hatukuwa na silaha. Tulikuwa wanawake ishirini na watatu na majembe ya kupalilia, na watoto. Bibi akasema, "Simameni pale mlipopanda, basi." Tukasimama, kila mmoja kwenye tuta lake. Mnyororo ulifika kwa mke wa Mjomba ukakwama. Wakauzungusha. Ukafika kwa Bibi ukakwama. Mkubwa wao, mwanamume wa makamo mwenye ndevu nyekundu, jasho linamtiririka, akatoa nakala ya ile karatasi akaipunga. Akasema tuondoke, serikali imenunua. Alisema kwa maneno ya sokoni, nikamwelewa.

"Hatukuuza," nikamjibu kwa maneno hayo hayo ya sokoni.

"Imeandikwa."

Nikatoa daftari langu kwenye mkunjo wa blanketi. "Na hapa imeandikwa."

Akalitazama, akacheka, lakini kicheko chake hakikufika mbali. Nadhani hakutegemea kuona herufi. Akageuka kuwapigia kelele wenzake wavute mnyororo kwa nguvu, akachukua kigingi mwenyewe, akaruka tuta ili akisimike katikati yetu. Nyundo akaiinua juu.

Sikumwona Kahente akitoka nyuma yangu. Nilimwona tu akiwa ameshafika mbele ya yule mtu, kichwa chake hakifiki kwenye mkanda wake wa suruali, anatazama, si uso wake wala nyundo, bali buti zake. Nilitaka kumwita. Bibi akanishika mkono.

Nyundo ikabaki juu. Yule mwanamume akatazama chini kuona mtoto anatazama nini. Shamba zima lilikuwa kimya, na kwa kimya kile hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amekubali kitu.

"Umekanyaga maharage yetu," Kahente akasema.